Subaru STI ya mtumba: nitie oili gani beringi zisigonge?

SWALI: Salaam, mtaalamu. Niko Jinja. Nimenunua Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2004 iliyotoka Japani, kwa mtu wa Kampala aliyekuwa nayo muda mrefu. Injini ni ile ya lita 2.0 yenye turbo, na sijui ilikuwa ikihudumiwa vipi. Fundi wangu anasema nitie 20W-50 kwa sababu kwetu ni joto na injini imeshachoka. Rafiki yangu anasema kitabu kinataka 5W-30 na kwamba oili nzito ndiyo inayoua beringi. Kila ninayemuuliza ananiambia injini hizi hugonga tu, leo au kesho. Nifanye nini isigonge, na nitie oili gani? Asubuhi nasikia mlio kidogo unaokwisha baada ya dakika chache. Je, ndiyo imeanza?

JIBU: Ndugu yangu wa Jinja, nianze na jibu lenyewe ili usilitafute chini. Tia 5W-40 sintetiki iliyo halisi, ibadilishe kila kilomita 5,000 au kila miezi sita, lolote litakalotangulia, na uvute stiki ya oili kila unapojaza tangi. Lakini nakuomba usiishie hapo. Beringi nyingi za injini hizi hazifi kwa sababu ya namba iliyoandikwa kwenye mkebe. Zinakufa kwa kukosa oili kwa sekunde chache, na mara nyingi oili hiyo ni nzuri kabisa, ila imebaki ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) badala ya kufika kwenye kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni.

Kwanza huo mlio wa asubuhi, maana najua ndio unaokukosesha usingizi. Mlio unaosikika injini ikiwa baridi kisha ukafifia inapopata moto, kwa Subaru za aina hii, mara nyingi ni pistoni inayocheza ndani ya silinda. Sketi za pistoni hizo ni fupi, na zikiwa baridi zina nafasi. Zikishapata joto zinatanuka na mlio unakwisha. Beringi ya konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na kranki) iliyoanza kuliwa hufanya kinyume. Huwa kimya oili ikiwa baridi na nzito, kisha inagonga injini ikishapata moto na oili ikilegea. Sauti yake ni nzito, ya ndani, na husikika wazi ukipandisha mizunguko ya injini hadi 2,500 au 3,000 kwa dakika halafu ukaachia mafuta taratibu. Fundi anaweza kuhakikisha kwa kuchomoa waya wa koili moja moja, kwa muda mfupi, injini ikiwa inaunguruma gari likiwa limesimama. Silinda ambayo ukiikatia umeme mlio wa kugonga unapungua au unabadilika, konrodi yake ndiyo mgonjwa.

Kwa hiyo kama mlio wako ni wa asubuhi tu, tulia. Ila ukitoka Kampala, ukafika Njeru injini ikiwa moto na ukasikia mlio ule wa kugonga wa ndani, usiseme utavuka daraja ufike nyumbani kwanza. Zima hapo hapo, ita gari la kuvuta. Kilomita mbili za mwisho ndizo zinazogeuza kazi ya beringi kuwa kazi ya kranki, konrodi na bloku.

Sasa tuone beringi inaishije, ili ujue unalinda nini. Nafasi kati ya kranki na beringi ya konrodi ni sehemu chache za mia za milimita moja. Ndani ya nafasi hiyo kranki haitakiwi kugusa chuma hata kidogo. Inaelea juu ya utando wa oili. Watu wengi, hata mafundi wazoefu, hudhani presha ya pampu ndiyo inayobeba mzigo. Sivyo. Ni mzunguko wa kranki wenyewe unaovuta oili na kuibana chini yake, kama tairi linavyopanda juu ya maji kwenye lami wakati wa mvua kubwa. Kazi ya pampu ni kuhakikisha oili mpya inaingia bila kukatika. Ikikatika, utando unaisha mara moja, chuma kinagusa chuma, na ule uso laini wa beringi unayeyuka na kuondoka.

Subaru ina ugumu wake wa ziada. Injini ya silinda zilizolala huku na huku ina kranki fupi, na ndani ya ufupi huo wamebana beringi kuu tano, zinazoshika kranki yenyewe, na beringi nne za konrodi. Beringi zikawa nyembamba kwa upana. Tena oili hutoka kwenye pampu, ikapita filta, ikafika kwenye beringi kuu, na kutoka hapo ndipo hupita kwenye matundu ya ndani ya kranki kwenda kwenye konrodi. Konrodi iko mwisho wa foleni, na kukiwa na upungufu popote njiani, yeye ndiye anayelala njaa kwanza.

Upungufu unatoka wapi? Sababu kubwa kuliko zote ni kiwango cha oili. Injini hii hubeba lita nne na kitu hivi, na tofauti kati ya alama ya chini na ya juu kwenye stiki ni karibu lita nzima. Yenye turbo hula oili, hasa ikiwa imetembea sana. Mtu anabadilisha oili, anafunga boneti, halafu anairudia baada ya miezi mitatu. Katikati hapo lita moja na nusu imeshateketea. Akiingia kona ndefu kwa kasi, oili iliyobaki inakimbilia upande mmoja wa sampu pana, nyingine inakwama kwenye vichwa vya silinda, na bomba la kufyonzea linavuta hewa. Taa ya oili haitakusaidia, kwa sababu imetengenezwa kuwaka presha ikiwa imekaribia kwisha kabisa. Ukiiona ikiwaka kwenye kona, madhara yameshafanyika.

Kuna pia bomba la kufyonzea lenyewe. Kwenye injini za turbo za kizazi hiki bomba la kiwandani linajulikana kupasuka pale lilipounganishwa kwa lehemu. Ufa mwembamba tu unatosha kuingiza hewa kwenye oili, na hewa haibebi kranki. Yapo mabomba yaliyoimarishwa yanayouzwa kwa ajili ya injini hizi, na kwa maoni yangu hiyo ni spea ya kwanza kununua kabla ya rimu, kabla ya ekzosi, kabla ya kitu chochote kinachopiga kelele.

Hapa niseme jambo linaloniumiza, kwa sababu linafanyika katika gereji zetu kila siku na linaweza kuepukika bila gharama. Ni silikoni. Sampu ya injini hii hufungwa kwa silikoni, na fundi mwenye haraka huipaka nene akiamini kwamba nyingi ndiyo imara. Sampu inapokazwa, silikoni iliyozidi inabanwa na kutokeza ndani kama uzi. Ule uzi unakatika, unaelea, unavutwa hadi kwenye wavu wa bomba la kufyonzea na kuuziba nusu. Gari linatoka gereji likiwa zima, linaanza kugonga baada ya wiki kadhaa, na lawama zinaenda kwa oili. Mwambie fundi wako apake mstari mwembamba, asafishe kabisa silikoni ya zamani pande zote mbili, na asitie oili wala kuwasha hadi silikoni ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu.

Na matuta. Impreza ni gari la chini, na matuta yetu mengine hayana kibao wala rangi. Sampu iliyobonyea kwa ndani inapunguza nafasi kati ya bati na mdomo wa bomba la kufyonzea. Injini ikiwa inaunguruma gari limesimama hutaona tofauti. Ukifika mizunguko 6,000, pampu inataka oili nyingi kuliko inavyoweza kupita pale. Lala chini ya gari utazame. Ukiona bonde kwenye sampu, usilipuuze, hata kama halivuji. Ukiwa unaenda barabara za vumbi, funga kinga ya chuma chini yake.

Ndiyo maana, kwa gari ambalo historia yake huijui, ningekushauri kabla ya yote ufungue sampu. Ni kazi ya siku moja. Safisha wavu, kagua bomba kwa tochi, tazama chini ya sampu kama kuna vumbi linalong'aa. Kata filta ya zamani kwa msumeno au kwa kikata cha kopo, kunjua karatasi yake na uipitishe juani. Pitisha sumaku pia. Vipande vinavyoshika sumaku ni vya chuma, vinatoka kwingine. Beringi ni metali laini isiyoshika sumaku, na ukiona chembe zenye rangi ya shaba, maana yake uso wa juu umeshaliwa na sasa inaliwa tabaka la chini. Ukiona kumetameta kidogo sana, badilisha oili, tembea kilomita 500, kata filta nyingine ulinganishe.

Tukija kwenye mabishano ya fundi wako na rafiki yako, kila mmoja ana kipande cha ukweli. Fundi anasema kwetu ni joto. Lakini Tokyo wakati wa kiangazi hufika nyuzi 35, na Subaru zilizotengenezwa kwa ajili ya huko zilitembea na 5W-30. Jinja mara chache hupita nyuzi 30 kwa mbali. Injini ikishapata moto, thamostati na redieta ndizo zinazoamua joto lake kuliko hewa ya nje. Kwa hiyo hali ya hewa ya Uganda peke yake haikulazimishi kutia 20W-50.

Namba ya kwanza, yenye herufi W, inaonyesha oili inavyotiririka ikiwa baridi. Vipimo vyake hufanywa kwenye baridi ambayo hatutaiona hata Kabale usiku, chini ya sifuri kwa mbali. Hata hivyo tofauti ipo. Kwenye nyuzi 40, oili nyingi za 20W-50 huwa na uzito wa karibu mara mbili ya 5W-40. Asubuhi ya nyuzi 18 pengo ni kubwa zaidi. Ukiwasha, geji ya presha inaruka juu na mwenye gari anafurahi, kumbe presha hiyo inaonyesha jinsi oili inavyokataa kupita. Pampu ikizidiwa, vali yake inafunguka na kuirudisha oili ilikotoka. Beringi inapata kidogo wakati ule ule inapohitaji zaidi.

Namba ya pili ndiyo ya injini ikiwa moto, na hapo rafiki yako naye asikusukume sana kwenye 30. Kiwango cha kimataifa cha SAE hupima oili kwenye nyuzi 150 ikiwa inakandamizwa kwa nguvu, hali inayokaribia ile ya ndani ya beringi. Oili ya 30 inatakiwa kufikia angalau 2.9, na ya 5W-40 angalau 3.5, kwa kipimo cha uzito wa oili kiitwacho milipaskali-sekunde. Kwa injini iliyotembea, yenye turbo, inayokaa kwenye foleni za Kampala na kunywa petroli kidogo kwenye oili yake, hiyo nafasi ya ziada naitaka. Tafuta mkebe wenye 5W-40, wenye alama ya ubora ya API SN au SP, na ikiwezekana ACEA A3/B4, maana alama hiyo nayo inadai 3.5 kwenda juu.

Je, 20W-50 ni sumu? Hapana. Vitabu vya Subaru vya miaka ile viliitaja kwa joto kali na kazi ngumu. Kama injini ilifanyiwa oveholi na aliyeijenga akaacha nafasi kubwa kwenye beringi, au unaipeleka kwenye mashindano Busika ambako oili hupita nyuzi 120, basi 5W-50 au 10W-50 ina sababu. Kinachonikera ni 20W-50 inayotiwa ili kunyamazisha mlio. Wauzaji wengine hufanya hivyo kabla mteja hajafika, wakati mwingine pamoja na dawa nzito ya kuongezea kwenye oili. Ukienda kununua gari la namna hii, dai kuliwasha likiwa baridi kabisa, kisha uliendeshe hadi lipate moto na ulisikilize tena.

Wala usichukue namba za gari jingine. BMW M3 ya E46 ina historia yake ya beringi za konrodi na ilielekezwa kutumia 10W-60. Toyota 86 na Subaru BRZ zilitoka kiwandani na 0W-20. Kila injini ilipewa oili kwa nafasi za beringi zake na njia zake za oili. Mwenye 86 akikusifia 0W-20 yake yuko sahihi kwa gari lake.

Oili feki ni hatari kuliko oili ya namba isiyofaa. Mikebe ya bei ghali hukusanywa, hujazwa upya na kufungwa tena. Nunua kituo kikubwa cha mafuta au kwa wakala anayetoa risiti, tazama kifuniko kama pete yake imekatika, chini yake kama karatasi ya muhuri iko sawasawa, na namba ya tarehe kama inafanana kwenye mkebe na kwenye katoni. Ukimaliza toboa mkebe wako kabla ya kuutupa. Na kama mahali ulipo 5W-40 yenye uhakika haipatikani, tia 10W-40 au hata 15W-40 halisi ya injini za petroli. Naichagua hiyo bila kusita kuliko 5W-40 ya mashaka yenye jina kubwa.

Filta nayo isiwe ya kubahatisha. Ndani yake kuna vali inayoruhusu oili kupita bila kuchujwa filta ikizidiwa, na filta za Subaru vali hiyo hufunguka kwa presha kubwa kuliko filta nyingi zinazofanana nazo kwa nje. Filta inayoingia kwenye uzi si lazima iwe ndiyo yake.

Unavyoendesha kuna uzito sawa na unachotia. Geji ya joto inaonyesha maji, na maji hupata moto mapema kuliko oili. Mshale ukifika katikati, bado ipe dakika kama kumi za mwendo wa kawaida, chini ya mizunguko 3,000. Kosa la upande wa pili linasahaulika: kukanyaga hadi mwisho ukiwa gia ya tano na mizunguko 1,800, ukipandisha kilima kuelekea Mabira nyuma ya lori. Turbo inasukuma mzigo mkubwa huku kranki inazunguka polepole, na utando wa oili unakuwa mwembamba kabisa. Shusha gia. Kisha petroli: gari lako lilipangwa kwa petroli ya Japani ya daraja la juu, ambayo huko huuzwa ikiwa na oktani karibu 100. Ukiitia ya kawaida ya hapa, injini ikapata mlipuko wa kabla ya wakati chini ya mzigo, kila mlipuko huo unapiga pistoni na konrodi na kuishia kwenye beringi. Tia ya daraja la juu inayopatikana, na kama kuna mtu aliyechezea kompyuta ya gari kuongeza presha ya turbo, irudishwe au ipangwe upya kwa mafuta yetu.

Muulize fundi pia kuhusu boliti inayopeleka oili kwenye turbo. Kwenye baadhi ya injini hizi ina wavu mdogo ndani. Ukiziba, turbo inakosa oili, inakufa, na vumbi lake la chuma linarudi kwenye sampu. Isafishwe.

Kama bahati mbaya imeshatokea, au ikitokea baadaye, kuna kitu kimoja usikubali: kubadilisha beringi peke yake na kurudisha kila kitu kingine. Vumbi la beringi ya kwanza limejificha kwenye kipoza oili kilicho juu ya filta, kwenye turbo, kwenye mabomba. Kipoza oili hakisafishiki kwa uhakika, kinunue kipya. Matundu ya kranki yaoshwe hadi maji ya dawa yatoke safi. Kranki ikiwa imekwaruzwa, uliza kama ni ya aina iliyoimarishwa uso kiwandani, kwa kuwa kuichonga kunaondoa uso huo. Na ukiamua kununua injini nzima kwenye soko la spea la Kisekka, Kampala, fungua sampu yake kabla haijaingia kwenye gari, kisha chomoa fyuzi ya pampu ya petroli na uzungushe kwa stata sekunde kumi kumi hadi taa ya oili izime. Injini iliyokaa miezi kwenye kontena na bondi haina oili yoyote kwenye beringi.

Kwa sasa, baada ya kufungua sampu na kutia 5W-40, mwombe fundi afunge geji ya presha kwa muda mahali pa swichi ya taa ya oili. Injini ikiwa moto, oili ikiwa karibu nyuzi 80, kiwango cha kiwanda ni kilopaskali 98, yaani psi 14, kwenye mizunguko 600, na kilopaskali 294, yaani psi 43, kwenye mizunguko 5,000. Andika namba zote mbili pamoja na kilomita za siku hiyo. Zikiwa juu ya hapo, baki na 5W-40 na uendelee na safari zako. Zikiwa chini kidogo, jaribu 5W-50 na upime tena. Zikiwa chini sana, usitie kitu kizito zaidi. Vua sampu tena, pima nafasi ya beringi moja ya konrodi, kisha uniandikie umeona nini.